Fimbo ya Chuma ya Obadiah Thrall

Obadiah Thrall alianza kuchimba makaburi ujanani, katika uwanja wa zamani wa mazishi wa mji wetu ulio kando ya Mto Hudson, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Mji ulipofungua Makaburi ya Shamba kule vilimani, alihamia huko na koleo lake. Yeye ndiye aliyechonga zile njia zinazozunguka bwawa, ambako watu huja Jumapili na vikapu vya mkate wa tangawizi, wakala kando ya wafu wasiowajua. Mimi nilikuwa karani mpya wa daftari la mazishi, na nakiri nilimdharau. Hakujua kusoma, nami nilidhani kisichoandikwa hakipo.

Alichokijua ni udongo. Akisukuma fimbo yake ndefu ya chuma ardhini, alikuambia kama hapo pamewahi kuchimbwa, maana udongo uliokwisha kufukuliwa haushikani tena kama zamani. Fimbo huzama mpaka pale koleo lilipokomea, kisha hugonga udongo mgumu ikasimama.

Mwaka 1868 halmashauri iliamua kupitisha barabara katika uwanja wa zamani. Wafu wenye mawe ya majina wangeletwa kwetu. Wasio na majina wangefukiwa pamoja katika shimo moja, Jumamosi. Jumatano akaja Bi Keziah Lovell, dobi, mjane, mikono imebabuka kwa sabuni. Alikuwa amenunua kiwanja kidogo kando ya bwawa ili alale na bintiye Thankful, aliyekufa kwa kipindupindu akiwa na miaka minne. Ubao wa kaburi lake ulikwisha oza. Nilimwambia sheria ni sheria. Hakulia. Alimgeukia Obadiah, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamuuliza kama anamkumbuka.

"Nakukumbuka, Bi Lovell," Obadiah akasema. "Ulisimama kwenye mvua. Tuliamriwa watoto wa maskini tuwachimbie mpaka kiunoni tu, walikuwa wanakufa wengi mno. Wewe ukawa unaniangalia, nikashindwa. Nikachimba mpaka begani. Huyo tutampata."

Kesho yake tulikwenda wote watatu. Safu ya watoto wa kipindupindu ilikuwa nyasi tupu. Makaburi kumi na mawili, na bila ile fimbo usingeliona hata moja. Kwenye la kwanza, fimbo ikazama; alipoichomoa akaipima mwilini, udongo ulifika begani. Bi Keziah akaziba mdomo kwa mkono. Obadiah, kwa kutaka uhakika, akajaribu la pili. Begani. La tatu, begani. Nikaanza kumcheka kimoyomoyo, mzee na hadithi zake. Alikwenda hivyo mpaka la kumi na mbili, kisha akaketi kwenye nyasi, fimbo mapajani.

"Nilidhani ni wewe tu," alimwambia yule mama taratibu. "Kumbe kila mara kulikuwa na mtu amesimama."

Kicheko kilinikauka. Nilimwona akilini akiwa kijana, wenye uwezo wamekwisha kimbia mji, yeye anachimba kutwa nzima, kila shimo kupita alivyoamriwa, bila kumwambia mtu, mpaka mwenyewe akasahau. Niliingiwa na hofu, ile ya mtu aliyeingia kanisani peke yake. Nikavua kofia. Sijaona tena kitu kikubwa kama ile safu ya nyasi.

Bi Keziah alitembea safu yote mpaka mwisho, akarudi.

"Basi nipeni wote," akasema. "Wangu yumo."

Kanuni zetu zilisema kiwanja ni cha ndugu tu, na karani lazima aandike uhusiano wa kila anayezikwa. Ijumaa Obadiah alileta majeneza madogo kumi na mawili. Kiwanja cha dobi kikajaa, ikabaki nafasi ya mtu mmoja katikati. Nikafungua daftari. Penye jina sikuwa na la kuandika. Penye uhusiano niliandika "mtoto wake", mara kumi na mbili.