Nilisafisha orodha ya harusi kwa regex, nikafuta na yangu

Wakuu, nabasalimia toka Bulengera, Butembo. Hii ni ukweli mutupu. Mwenye mashaka aulize baba-mukwe wangu, yeye hachokake kuisimulia.

Kanisa yetu ilipanga mariage collectif, ndoa thelathini na nne siku moja. Mimi na Masika wangu tulikuwa ndani. Tulishaahirisha mara mbili, na baba yake wa Vuhovi alishasema: "Isipopita hii ya tatu, mutoto wangu anarudia nyumbani."

Orodha ilikuja kwa WhatsApp, fujo tupu. Kila mustari bwana na bibi, katikati mukwaju (/), ao koma. Wengine walituma majina yao mara mbili.

Pasta alitaka kuinakili kwa mukono. Mimi, informaticien wa YouTube, niliyejifunzia kwa video, nikacheka. Pasta, pumzika, Python ya kompyuta iko!

Nikaandika regex, amri ya kukata maandishi penye alama: re.split(r"\s*[/,;]\s*", mustari). Bwana huku, bibi kule, safi kabisa. Mutu mwenye akili angesimama hapo.

Mais mimi niko na akili kupita. Mwalimu wa video alisema neno la kwanza njo jina ya famille, linatosha. Donc nikakata kila jina tena kwa \s+, ni kusema penye nafasi, nikabakisha neno la kwanza, kisha set() ifute marudio.

Kwa wageni: sisi Wanande jina la kwanza linafuata namna ulizaliwa. Mwanaume wa pili ni Kambale, binti wa kwanza ni Masika, karibu kila nyumba. Mimi mwenyewe Kambale, nikasahau. Hongera zangu.

Jumapili pasta akasoma karatasi yangu, kutangaza wanaotaka kuoana. Ndoa tisa.

"Kambale na Masika. Mwenye kizuizi aseme."

Wanaume sita wakasimama na wachumba wao, mimi ndani. Baba-mukwe naye akasimama.

"Pasta, Kambale gani anaoa binti yangu? Kama ni huyu wa ordinateur, wa kompyuta, kizuizi ninacho!"

Kanisa nzima kicheko. Pasta hakucheka: orodha ilipaswa kufika commune, ofisi ya serikali, kesho yake asubuhi, na asiyeandikwa angengoja mwaka ujao. Niliogopa kweli, wakuu. Nilimuona Masika anapanda moto, pikipiki, kurudi Vuhovi.

Kumbe yeye alishafungua cahier, daftari yake ya shule. Ni mwalimu wa primaire. Akaita watu mbele, wawili wawili, akaandika kwa bic majina yote matatu ya kila mutu. Saa moja, kwisha. Mustari wa mwisho akauacha wazi, akanipa bic.

"Yetu andika weye. Yote."

Nikaandika polepole, baba-mukwe nyuma yangu anasoma herufi kwa herufi.

Fundisho: kata penye alama inayotenganisha, kisha achana nayo. Na mbele ya kufuta marudio, hesabu watu.

Haya, mwenye alishaharibu kupita mimi aseme hapa chini, nisibaki peke yangu.

Sisi tuko na batoto wawili sasa, wote wanaume. Jina la wa pili mumeshajua. Babu yake anamuitaka kwa majina yote matatu, kila siku, huku ananiangalia.