Kwa Nini Unaitwa Eseza

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na baba yako asikasirike. Ilikuwa asubuhi, nimeshika pembe mbili za shuka, na mwanamke mwingine ameshika pembe mbili za upande wa pili. Nitafika huko. Kwanza nikuulize: Jumapili iliyopita, ulipokuwa hapa unakula kuku wangu, ulikuwa unacheka nini hasa?

Ulikuwa unasimulia habari za Okot, yule kijana mnayefanya naye kazi kwenye kliniki yenu pale Ntinda. Kwamba mwajiri wenu ameleta chanjo ya homa ya ini kwa wafanyakazi wote, bure, nyote mkachanjwa, yeye akakataa. Kwamba mmemtoa kwenye grupu la WhatsApp, na kidole kilichomtoa ni chako. Ukatuigizia anavyokunywa chai peke yake kwenye ngazi. Baba yako alicheka kidogo, kisha akaniangalia, akainamia sahani yake. Mimi nikaenda jikoni kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nasema mambo nusunusu. Sasa imepoa. Kaa unisikilize mpaka mwisho, usinikate katikati kama ulivyozoea.

Tangu ukiwa shule ya msingi unaniuliza kwa nini wewe, Mwacholi kwa baba na kwa mama, unaitwa jina la Kiganda. Watoto wenzako walikutania mpaka ukataka tulibadilishe. Nikawa nakuambia nililipenda tu lilivyo. Si uongo, lakini si jibu pia.

Eseza lilikuwa jina la mkuu wetu wa wauguzi, katika hospitali ndogo ya binafsi niliyoanzia kazi. Usiitafute, ilifungwa zamani, siku hizi pale wanauza vigae. Hakuna aliyethubutu kumwita Eseza. Alikuwa amezaa mapacha, kwa hiyo kwa desturi ya Waganda kila mtu alimwita Nalongo, hata Dokta mwenye hospitali. Alikuwa mfupi, mnene, na viatu vyake vilikuwa na mlio ambao ukiusikia kwenye korido unajikuta umesimama wima. Alikagua vitanda kwa kiganja. Akipitisha kiganja juu ya shuka na kukuta mkunjo, hasemi kitu, anakutazama tu, na wewe unatandika upya.

Nazikumbuka siku zile kwa mapenzi sana. Kampala ilikuwa bado ina nafasi, mtu aliweza kuvuka barabara bila kusali kwanza. Saa nne chai ilikuja kwenye birika kubwa la bati, ya maziwa, imejaa tangawizi, pamoja na mihogo ya kuchemsha, na sisi wauguzi tulikaa kwenye benchi moja nyuma ya jengo tukigombania kikombe chenye mshikio. Pembeni yangu alikaa Nekesa, Mkenya kutoka upande wa Busia, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili, kwa sababu mimi nimezaliwa kambi ya polisi Nsambya, na kambini kila kabila lilikutana kwenye Kiswahili. Luganda yangu ilikuwa ya kununulia nyanya tu.

Nalongo hakusema Kiswahili. Alikisikia vizuri, lakini ukimsalimu kwa Kiswahili alikujibu kwa Luganda, na akipita karibu yetu mimi na Nekesa alikunja uso. Tuliona ni maringo ya Waganda. Tulimcheka kwa siri, tukasema anadhani ulimi wake utachafuka. Ni muuguzi mmoja mzee aliyetuambia baadaye kwamba miaka ya vurugu askari walimchukua kaka yake kwenye kizuizi cha barabarani, na waliyoyasema walipokuwa wanamchukua waliyasema kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo hakutaka kitoke mdomoni mwake. Tulikuwa tumekaa naye miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Basi, Dokta akaleta chanjo ya homa ya ini. Siku zile ilikuwa jambo kubwa, dawa ya bei, na sisi wa leba tulikuwa tunaogelea kwenye damu za watu kila siku. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Utaratibu unaujua: kwanza unapimwa. Ukiwa huna ugonjwa, unachanjwa. Ukiwa nao tayari, chanjo haina kazi kwako tena, unahitaji daktari wa kukufuatilia.

Wa kutupima alikuwa Kato, kijana wa maabara. Kato hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alikaa na sisi kwenye benchi lile lile saa nne, na tulijua kutoka kwake nani ana mimba kabla mwenye mimba hajajua. Hapo ndipo miguu yangu ilipogoma.

Babu yako, sajini wa polisi, alifariki nikiwa msichana. Macho yalikuwa ya manjano na tumbo limevimba. Majirani wa kambi waligawanyika, wengine wakasema ni pombe, wengine wakasema amerogwa na mtu aliyegombania naye cheo. Nilipofika chuo cha uuguzi, mwalimu akatufundisha ini, na mimi nikakaa pale darasani nikimwona baba yangu ubaoni. Nikajua pia kwamba ugonjwa ule hupita ndani ya nyumba, kutoka mtu hadi mtu. Tangu siku hiyo nilikuwa najiangalia macho kwenye kioo kila asubuhi. Nilikuwa nimeolewa, nataka mtoto, na sikutaka kujua. Na kama ni lazima nijue, sikutaka Kato ajue kabla yangu.

Kwa hiyo waliponiita nikasema hapana. Wakaniuliza kwa nini, mbele ya watu wote, nikasema sitaki tu. Unadhani ningesema nini?

Nekesa ndiye aliyenipa jina. "Sista Hapana." Likashika kama moto. "Kama yeye haogopi ugonjwa, basi hizo shuka za leba afue yeye," akasema, na kweli nikaachiwa shuka za leba. Kwenye benchi nafasi yangu ikawa inajaa kabla sijafika. Watu wale wale waliokuwa wanawafundisha wagonjwa kwamba homa ya ini haiambukizwi kwa kikombe, wakaanza kuniwekea kikombe changu pembeni. Nilikuwa nakunywa chai kwenye stoo ya mashuka, nimesimama. Kisha Dokta akatangaza kwamba mwisho wa mwezi, asiyechanjwa atafute kazi kwingine. Baba yako alikuwa konstebo, mshahara unakuja ukipenda. Kazi yangu ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba.

Sasa tumefika kwenye shuka. Nilikuwa stoo nakunja, na shuka za hospitali zile zilikuwa pana, mtu mmoja anahangaika nazo. Nikasikia mlio wa viatu. Nikasimama wima. Nalongo akaingia, akafunga mlango kwa kisigino, akaokota pembe mbili za upande wa pili. Tukakunja ya kwanza. Unajua kukunja shuka wawili, mnatembea mnakutana, unampa mwenzako pembe, mnarudi nyuma. Tulipokutana mara ya pili hakuziachia pembe. Akaniangalia, akaniita kwa jina, na akasema kwa Kiswahili.

"Aber. Wewe naogopa nini? Sindano hapana. Wewe nachoma watu kira siku."

Mwanangu, nilidhani nimesikia vibaya. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjikavunjika, kimejaa kutu ya miaka mingi, na uso wake ulikuwa kama mtu anayemeza dawa chungu. Nikamwambia kwa Luganda yangu ya sokoni kwamba hakuna kitu, Nalongo. Akatikisa kichwa.

"Sema na rugha ya kwenu. Mimi nasikia."

Nikamwambia yote. Baba yangu, macho, kioo cha asubuhi, mtoto ninayemtaka, na Kato. Nililia mpaka nikaharibu shuka safi. Yeye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaikunja ile shuka yenye machozi, akaiweka kwenye za kufua, akasema, "Karé, sawa. Hata mimi sijapima. Mimi pia naogopa Kato."

Nilicheka na pua imejaa kamasi. Kumbe mama yule wa viatu alikuwa anatupanga sisi kwenye foleni na yeye mwenyewe anajificha.

Siku yangu ya mapumziko ilipofika, naye akajipa ruhusa. Tulikwenda mbali na macho ya watu wetu, hospitali moja upande wa Kibuli ambako hakuna aliyetujua. Alivaa gomesi yake ya kwenda kanisani, akakaa upandeupande kwenye boda boda, na akamgombeza dereva kwa Luganda kutoka chini ya kilima mpaka juu. Tukakaa kwenye benchi la wagonjwa kama wagonjwa. Alitangulia kutoa mkono. Majibu yalipotoka, yeye hakuwa na ugonjwa. Mimi nilikuwa nao.

Ndiyo, mwanangu. Umesikia vizuri.

Sikumbuki njia ya kushuka kile kilima. Nakumbuka tu alinishika mkono kama anavyoshikwa mtoto kwenye msongamano, na akaniambia, "Usirie sana. Baba yako alikuwa hapana jua. Wewe najua." Mpaka leo sijasikia sentensi ya Kiswahili nzuri kuliko hiyo.

Kesho yake saa nne alikuja kwenye benchi, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akauliza nani kati yao aliyenifuata faragha akaniuliza kwa nini nimekataa. Akamgeukia Nekesa, naye akajibu kwa sauti ndogo, "Sikumuuliza, Nalongo." Nalongo akasema jambo la Aber na chanjo limekwisha, amelimaliza yeye, na tangu leo Aber anatoka leba, anakwenda kliniki ya watoto. Atakayetaka kujua zaidi aende ofisini kwake akamuulize yeye. Hakuna aliyekwenda. Hata Dokta hakwenda.

Hivyo ndivyo nilivyotumia maisha yangu yote ya kazi kuchanja watoto wa Kampala, mimi ambaye chanjo hiyo haikuwahi kuingia mwilini mwangu. Nekesa hakuwahi kujua. Ila siku iliyofuata alinishikia nafasi kwenye benchi, na kile kikombe chenye mshikio. Alisharudi kwao siku nyingi, na akinipigia simu bado ananiita Hapana, na mimi naitika. Jina lile siku hizi nalipenda.

Baba yako anajua. Nilimwambia jioni ile ile, kwa amri ya Nalongo, naye akaenda kupimwa akakutwa salama, akachanjwa. Ndiyo siri pekee aliyowahi kuitunza maishani. Na zile safari zangu za soko la Owino, ambazo unanicheka kwamba ni mimi pekee niendaye Owino nikarudi mikono mitupu? Sipiti hata karibu na Owino. Naenda kwa daktari wangu kuangaliwa ini, nakaa kwenye foleni, narudi. Mpaka sasa liko vizuri, kwa hiyo futa machozi.

Na wewe. Nilipopata mimba yako nilikuwa najua, kwa hiyo tulijiandaa. Siku uliyozaliwa Nalongo alikuwa ameshastaafu. Alikuja amevaa gomesi ile ile, amepakata kiboksi cha barafu chenye chanjo, na kabla hujamaliza hata kulia kilio chako cha kwanza akakuchoma sindano kwenye paja. Tulikupima ulipokua, huna kitu. Kama siku ile asingefunga mlango wa stoo kwa kisigino, mimi ningeacha kazi, ningezaa bila kujua, na ungekuwa umebeba alichobeba babu yako. Ndiyo maana unaitwa Eseza.

Sasa nasaha yangu ni hii, na iweke moyoni. Chanjo ni jambo jema, umechanjwa vizuri, na wahimize wote wachanjwe, usimbembeleze mtu kwa uongo wala usiseme ni hiari ya mtu ukanyamaza. Kwa kazi yetu si jambo la kunyamazia. Lakini mwenzako akisema hapana mbele ya watu, hapo bado hujasikia sababu yake. Mfuate peke yako. Funga mlango. Muulize kwa lugha ya kwao, hata kama inakuuma mdomoni, kisha unyamaze umsikilize. Jiulize pia nani atakayeyasoma majibu yake pale kwenu, na huyo anakunywa chai na nani. Huenda Okot anaogopa tu sindano. Huenda amesikia upuuzi kwenye simu. Basi utamfundisha, wewe ni muuguzi. Na huenda ni jambo lingine.

Mungu wa babu yako na wa Nalongo aibariki mikono yako, akupe masikio makubwa na mdomo mdogo, na kila mgonjwa utakayemgusa apate nafuu. Kesho ukifika kazini mtafute Okot.

Na chochote atakachokuambia, Eseza, hata mimi mama yako usiniambie.