Mwaka Tuliohamia Uani

Zabibu zinapoanza kuoza hunukia vizuri, na hili watu wengi hawalijui. Harufu ya kwanza ni tamu na nzito, na mtoto anaweza kusimama kati ya mistari ya mizabibu akaivuta kwa raha bila kujua kwamba anavuta hasara ya baba yake. Baada ya siku chache utamu unageuka uchachu, nyuki wanajaa, halafu nyigu, na mchanga chini ya mashina unakuwa na madoa meusi yanayonata kwenye ndala. Mwaka ule, wanunuzi waliokuwa wakija na malori shambani kwetu Mpunguzi kila mavuno hawakuja. Baba aliwapigia simu wakasema wiki ijayo, akapiga tena wakasema matangi ya mvinyo yamejaa, akapiga tena wasipokee. Nilikuwa na miaka kumi, niko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na nilikuwa nimeshafundishwa kwamba watoto wakiomba husikilizwa haraka. Niliomba lori kila usiku nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Lori halikuja, na zabibu zikaanguka zenyewe.

Nyumba yetu ilikuwa Dodoma mjini, mtaa wa Kikuyu. Baba aliijenga kidogo kidogo kwa mavuno ya miaka mizuri, akaipaka rangi ya maziwa, akaweka sebule kubwa kuliko alivyoihitaji kwa sababu alipenda watu. Siwezi kudanganya, tulikuwa tunaringa. Mama akimwambia mgeni "ingia ndani, mlango uko wazi", sauti yake ilikuwa na kitu zaidi ya ukarimu. Sasa mwaka huohuo ambao zabibu zilitutupa, mji ulikuwa unajaa. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma kwa kishindo, na kila jioni watu wasiojulikana mtaani walipita wakiuliza nyumba za kupanga, wamevaa viatu vya ofisini vilivyojaa vumbi letu. Mama ndiye aliyesema tupangishe. Baba alikubali bila kuinua uso, akarudi shambani akisema anakwenda kuangalia mizabibu. Hata mimi nilijua kwamba shamba lililokwisha kuharibika halina cha kuangaliwa. Alikaa huko, akawa anatuma salamu kwa watu wa bodaboda.

Tukahamia uani, kwenye vyumba viwili vya nyuma ambavyo kabla yake tulikuwa tukiweka madumu, majembe na chakula cha kuku. Tulifagia, tukamwaga maji yenye dawa, tukafagia tena, lakini harufu ya pumba haikutoka. Kitanda cha mama kilijaza chumba kimoja. Makochi yetu yalibaki sebuleni kwa sababu hayakuwa na pa kwenda, na mpangaji aliombwa ayatumie. Mpangaji huyo aliitwa Mama Salma, mtumishi wa wizara moja, mtu wa Tanga, Mwislamu, mama mpole anayeongea kana kwamba maneno yanaweza kuumia. Mume wake alikuwa bado Dar es Salaam. Watoto wake wawili walikuwa wadogo na hawakuwa na ubaya wowote, ila mmoja wao aliniuliza siku ya pili tu, "Dada Vero, kwa nini nyinyi mnalala kwa kuku?" Nilienda chooni nikakaa humo mpaka mama aliponiita.

Mama hakuwa mwongo. Nalisema hili kwanza, kwa sababu alichofanya siku lori la Mama Salma lilipoingia getini kilitoka mdomoni mwake kabla hajakifikiri. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta akauliza hao wenye vyombo vingi ni nani. Mama akasema, "Wageni wetu. Upande wa baba yake Vero." Basi. Neno likishatoka linataka kulishwa kila siku, na sisi tulililisha. Watu walishangaa wageni wanaokuja na friji, lakini Kikuyu ya wakati ule ilikuwa imezoea kushangaa. Mama akawa anafulia nguo mbele ya nyumba ili aonekane yuko kwake. Mimi nikajifunza kukaa kwenye ngazi za barazani saa ambazo wenzangu wa shule hupita, nimeshika daftari kana kwamba nimetoka ndani sasa hivi. Wakishapita nilizunguka nyuma. Aibu ya mtoto ni kazi ngumu, haina mapumziko, na mimi niliifanya kwa bidii kuliko hesabu.

Jumuiya yetu ndogondogo ilisali kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Kama hujawahi kuishi hivyo, ni hivi: familia za jirani zinapokezana kuwapokea wenzao, na sanamu ndogo ya Mama Maria inahama pamoja na zamu, inalala nyumba hii wiki hii, wiki ijayo inabebwa kwa nyimbo kwenda nyumba nyingine. Zamu yetu iliangukia Novemba, wakati wa joto na upepo wa vumbi kabla ya mvua za kwanza. Mama alimwomba mwenyekiti, Mzee Lechipya, aturuke. Mzee alikuwa fundi seremala mstaafu, mcheshi, kiziwi kidogo wa sikio la kushoto, na alicheka tu. "Mama Vero, nyumba yenye sebule kama ile turuke? Bibi wenye magoti mabovu watanilaani." Mama akacheka naye. Kisha akapanga lake. Angetandika mikeka pembeni ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, aseme joto limezidi, watu wasali nje, wanywe chai, waondoke. Aliniambia mpango huo kwa kunong'ona, kama watu wawili wanaotaka kuvunja duka.

Walichokosea watu wa jumuiya ni kitu kimoja tu: walikuja mapema, na walikuja kama walivyozoea. Mama alikuwa nyuma anakaanga maandazi. Mimi nilikuwa nimetumwa mkaa kwa jirani wa mtaa wa pili. Niliporudi, gunia dogo kichwani, nilisikia wimbo, lakini haukutoka pembeni ya nyumba. Ulitoka ndani. Nilipokaribia niliona viatu. Vilikuwa vimepangwa mbele ya mlango wa sebule, ndala za kina bibi, raba za vijana, viatu vya ngozi vya mwenyekiti vilivyopigwa kiwi, vyote vimeelekea kwenye mlango ambao haukuwa wetu tena. Nilichungulia. Walikuwa wamejaa kwenye makochi na chini kwenye zulia la Mama Salma. Ukutani, palipokuwa na picha yetu ya Moyo Mtakatifu, palikuwa na saa yenye maandishi ya Kiarabu ya dhahabu, na chini yake, juu ya meza ya televisheni, walikuwa wameweka sanamu ya Mama Maria. Mama Salma alikuwa amesimama kando, kanga kichwani, msala wake umekunjwa mkononi, anasogeza maua ya plastiki ili sanamu ikae vizuri. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Walimsalimia "Tumsifu Yesu Kristo", akawajibu "Karibuni", wakapita.

Nilikimbia nyuma nikamwambia mama. Alikaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, na andazi lililokuwa ndani ya mafuta likaungua wote wawili tukilitazama. Kabla hajasema kitu Mama Salma alitokea kwenye kona ya nyumba. "Mama Vero, wageni wako wamefika," alisema. "Nimewaambia unamalizia chai. Wala usihangaike, salini humo humo, mimi nitakaa chumbani na watoto. Mimi ni mgeni wenu, si ndivyo?" Kumbe alikuwa anajua. Sijui alisikia kwa nani, lakini alijua tulivyokuwa tukimwita, na alikuwa amekuja kutukabidhi uongo wetu ukiwa umefuliwa na kupigwa pasi. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilimshukuru Mungu palepale, kwa maneno kabisa. Nilidhani ndiye aliyejibu.

Mama aliinuka, akavua aproni, akafunga kitenge chake cha kanisani, akaenda. Nilimfuata. Walipomwona waliimba zaidi, na Mzee Lechipya akasimama, akainua mkono, akaanza kuomba baraka juu ya nyumba ile na mwenye nyumba yake. Mama alikuwa bado mlangoni. Alisema, "Mwenyekiti, samahani." Mzee hakusikia, akaendelea. Mama akasema kwa nguvu, "Mzee Lechipya, usibariki kwanza." Mzee akashusha mkono. Mama akasema, "Hapa si kwangu. Nimempangisha huyu mama, na amenisitiri kuliko nilivyostahili. Sisi tunalala uani. Niliwaambia ni wageni, nilidanganya. Na baba Vero hana kazi yoyote shambani. Zabibu zilioza zote. Yuko kule kwa sababu anaona aibu kupita mtaani. Basi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenzangu mmoja wa mafundisho alikuwa ameketi pale kwenye zulia, miguu ameikunja, ananitazama. Nilimchukia mama, nasema kweli. Tulikuwa tumepata njia, mtu mwema ametuletea mpaka mkononi, na yeye akaitupa mbele ya watu wote. Bibi mmoja aliguna. Mwingine akaangalia chini kwenye rozari yake. Mama alikuwa amesimama na mikono imeshikana tumboni kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, unga wa maandazi bado uko kwenye kiwiko chake. Mzee Lechipya akaenda kwenye meza ya televisheni, akaichukua ile sanamu kwa mikono miwili. "Haya," alisema. "Tuonyeshe kwako ni wapi."

Wakatoka. Kila mtu alitafuta viatu vyake, na kulikuwa na kugongana na kuombana samahani, halafu wakazunguka nyumba, mwenyekiti mbele. Waliingia kwenye chumba chetu. Waliona ndoo ya usiku ambayo nilikuwa sijaiondoa. Waliona godoro langu lililochanika likiwa limesimamishwa ukutani, sufuria chini ya kitanda, shati la baba lililoning'inia kwenye msumari. Bibi wenye magoti walikaa kitandani kwa mama, wengine wakabanana chini, vijana wakabaki nje dirishani, na mimi niliminywa katikati ya watu wazima wenye jasho, nanusa pumba ya kuku na kujua kwamba nao wanainusa. Injili ya siku ile siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka mama akimimina chai hata ikamwagika kwenye sahani, na Mama Salma, amejitanda ushungi, amekaa kizingitini na chupa yake mwenyewe ya chai, akisubiri tumalize ili agawe.

Katika mafundisho tulikuwa tumefika kwenye kitubio. Katekista alituambia utaingia kwenye kisanduku, utapiga magoti, utasema, padre hatakuona uso, na ukitoka utakuwa mwepesi. Nilimwamini. Lakini mama alisema bila kisanduku, uso wake ukionekana na watu aliokuwa akikutana nao kila Jumamosi, na hakutoka mwepesi. Usiku ule alilia, na kesho yake hakutaka kwenda misa, akaenda kwa sababu alikuwa ameniahidi. Mtaani walisema walichosema. Wenzangu waliniita "Kwa Kuku" mpaka likizo. Wiki iliyofuata Mzee Lechipya na mwanaume mwingine wa jumuiya walikwenda Mpunguzi bila kutuambia, wakarudi jioni na baba amekaa katikati yao nyuma ya pikapu, ndevu zimemjaa. Mama alimwambia, "Mbukwa," salamu ya Kigogo, kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka mbali, akampelekea maji ya kuoga. Baba aliingia chumbani kwa kuinama, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, na tangu siku hiyo tukaishi uani kama watu wanaoishi uani. Nilifikiri imani ingetuondolea aibu. Ilichotuondolea ni ile kazi ya kuificha, na kwa mtoto wa miaka kumi hilo lilionekana kama malipo madogo mno.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafundisha sekondari Mwanza, nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya watu wengi mlimani. Wazazi wangu walikwisha kurudi kwenye nyumba yao kubwa. Mama Salma alijenga kwake, na sikukuu zote mbili, Krismasi na Idi, wanapelekeana sahani za chakula. Mimi nina mshahara, nina vitabu, nimeshasimama mbele ya wanafunzi kuzungumza juu ya kujikubali. Jumuiya ya huku inasali Jumamosi pia, na kwa zaidi ya mwaka mzima kila zamu yangu ilipokaribia nilisafiri, au niliugua, au nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mwezi uliopita mwenyekiti, dada wa rika langu, alinishika mkono baada ya misa akaniuliza, "Mwalimu, kwako tunakuja lini?" Nikasema nyumba ni finyu. Nilimpigia mama simu jioni kumweleza, nikitaka anionee huruma. Nikasikia upepo wa Dodoma kwenye simu, kisha akauliza kama nina birika kubwa au anitumie la kwake.

Nimekubali. Wanakuja Jumamosi hii. Nimeosha vikombe, nimeazima mikeka, na jana nilipotoka shule nilipita sokoni nikanunua pazia zito la kuzuia kitanda na jiko la gesi visionekane. Muuzaji aliniuliza la dirisha gani, nikamwambia ni la sebuleni.