Safari Bila Kusimama

Mwanangu, kuna Desemba moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya, hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa kijana, nina gari langu la kwanza, na nilikuwa nawaleta mke wangu na watoto wetu wawili kutoka Nairobi hadi hapa Nyamasaria, karibu na Kisumu, nyumbani kwa mama yangu. Siku hizo sisi wanaume tukikutana nyumbani hatukuulizana habari za safari. Tuliulizana umetumia saa ngapi, na mimi nilitaka kuwashinda wote.

Basi nikajiandaa vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Nilikagua magurudumu, nikabadilisha oili, nikajaza tangi. Watoto sikuwafikiria, niliwapakia tu pamoja na mizigo.

Tulipopita Nakuru, Ochieng, kifungua mimba wangu aliyekuwa na miaka kama sita, akasema, "Baba, nataka kususu."

"Vumilia. Tumekaribia."

Nilimdanganya mtoto. Nakuru na Kisumu wapi na wapi? Mama yake akasema, "Si usimame kidogo tu, hata wanyooshe miguu." Nikamjibu kwamba malori niliyoyapita yatanipita tena. Unaona akili yangu? Nilikuwa nashindana na malori ya mahindi, na madereva wake hawakuwa na habari nami. Kericho mtoto akalowesha suruali. Akalia, nami nikamgombeza kwa sababu ya kiti. Ahero dada yake akatapika. Nikafungua dirisha, nikaendelea.

Tulifika jua bado kali. Niliruka garini nikaanza kuwatangazia ndugu zangu saa nilizotumia. Mama hakunisikiliza. Aliwashusha watoto, akamwogesha Ochieng uani kwenye beseni, mtoto amefunika uso kwa aibu. Kisha akaniita pembeni.

"Wewe umefika," akaniambia. "Hawa watoto bado hujawafikisha. Hata nikiwauliza waliona nini njiani, wataniambia nini?"

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Nikaendelea vivyo hivyo kila Desemba, mpaka Ochieng akaacha kuomba tusimame. Nilijisifu kwamba nimemfundisha kusafiri kiume.

Na kweli nilimfundisha. Sasa ana gari lake na watoto watatu, na shule zikifungwa huwapeleka kwa wakwe zake Busia. Barabara ni hii hii, inapita karibu na lango langu. Likizo iliyopita nilinunua samaki, mbuta mkubwa, mke wangu akamkaanga, tukakaa tukiwangoja. Simu ikalia.

"Mzee, tumeshapita hapo kwako, tuko Otonglo. Watoto walikuwa wamelala, na ningesimama ningechelewa. Tutakuona tukirudi."

"Sawa, baba," nikamwambia. "Endesha pole pole."

Waliporudi walipita pia. Yule mdogo wao hajawahi kuketi kwangu hata akanywa maji. Inaniuma sana, mwanangu, na siwezi kumlaumu mtu kwa somo nililompa mwenyewe.

Kwa hiyo ukipanga safari na watoto wadogo, anza na wao, gari lifuate. Ondoka mapema ili usiwe na haraka. Jua utasimama wapi kabla hujawasha gari: mahali penye choo, penye nafasi ya kukimbia, pa kula ndizi na kuangalia mambo. Mtoto akisema simama, simama, hata kama mlisimama sasa hivi. Na ukiwa na mzee wako njiani, mpitie. Mwamshe mtoto amsalimie babu yake; usingizi atalala tena. Saa nilizookoa mimi sijui zilikwenda wapi. Sikuzitumia na mtu yeyote.

Mungu awatangulie barabarani, akupe subira kwenye usukani, na awafikishe wote wakiwa na mengi ya kusimulia. Na mkipita hapa Nyamasaria, ingieni. Nitakuwa nyumbani.