Ujira wa Mama Imani

Juzi mfadhili alituletea madaftari shuleni ninapofundisha, akatupiga picha nyingi kuliko madaftari yenyewe. Nikakumbuka mchana mmoja utotoni, Mbamba Bay, usipa, visamaki vya ziwani, umeanikwa vichanjani, harufu imetushika hadi nywele.

Jirani yetu Mama Imani hakuwa amewasha moto tangu jana yake, na hakuwa mtu wa kuomba hata chumvi. Bibi akamwita.

"Njoo unisaidie kuchambua usipa, mgongo umenigomea."

Walichambua kidogo tu, Bibi akamjazia beseni.

"Mama, huu mwingi mno!"

"Ni ujira wako. Chukua!"

Nikanong'ona, "Bibi, umepunjwa!" Akanifinya sikio.

Kumbe mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Mama Imani alipita mbele ya majirani, beseni kichwani, akisalimia kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini. Nikiukumbuka mwendo ule, hata utani wangu juu ya picha za mfadhili hunikaukia mdomoni.