Koni Kwenye Bakuli

Ok-bun, jirani wa chumba cha pili, amechoka kumshauri fundi anunue nyuzi ndogo za dukani. Cherehani ni ya nyumbani, kijiti chake cha uzi hakiwezi kubeba koni kubwa ya uzi wa kiwandani. Basi fundi huisimamisha koni sakafuni ndani ya bakuli la kimchi, kabichi ya kuchachusha, na uzi huupandisha kupitia pini aliyoibandika mgongoni mwa cherehani. Kila mara huinama, mkono kiunoni, kutazama kama uzi unatiririka. Huguna, huinuka, hukanyaga tena. Huu ni mwezi wa ziada wa kalenda ya Kikorea, mwezi wa heri wa kushona sanda, vazi la maiti lenye mikono mirefu, na sanda haipigwi fundo hata moja, marehemu asije akakwama njiani. Uzi mdogo ungemwishia katikati ya mshono.

Leo hata huo wa koni ulikatika, karibu na kwapa. Fundi alifumba macho.

“Dada, piga kafundo hapo, supu inapoa,” alisema Ok-bun mlangoni, viatu tayari miguuni. “Nani atakaona?”

Fundi aliinuka. Aliuvaa ule mkono wa sanda, sanda aliyojishonea mwenyewe, ukamfunika hadi ncha za vidole, kama inavyotakiwa. Kisha akachukua wembe, akaanza kufumua.

Ok-bun alivua viatu, akaja kumshikia kitambaa.