Swichi ya Kikomo Niliyoipeleka Machimboni

Kwa miaka sita nimeuza swichi za kikomo katika duka letu la vifaa vya umeme hapa Voi, na sikuwahi kuona hata moja ikifanya kazi. Mafundi wa viwanda vya mkonge huzinunua, wenye mageti ya umeme huzinunua, nami huzifunga kwenye gazeti na kusema karibu tena. Mwezi uliopita kaka yangu Salim alinipigia simu kutoka machimbo ya vito upande wa Kasigau. Swichi ya winchi yao, mashine ya kupandisha watu, ilikuwa imevunjika mkono, na Salim ndiye hushuka shimoni. Mpya aliyoiagiza sikutaka kumpa mtu anipelekee.

Saa moja asubuhi niliondoka na gari la abiria, Probox, hadi Mwatate, mkonge ukiwa umejipanga pande zote za barabara. Kutoka hapo nilichukua bodaboda, na vumbi jekundu likanipaka buibui mpaka nikafanana na tofali.

Saa nne nilifika. Juu ya shimo palikuwa na mhimili wa chuma wenye kapi, na kwenye kapi kamba ya chuma iliyobeba ndoo ya kutosha mtu mmoja. Fundi wao, Mwakio, alinipokea swichi na chai kwa pamoja. Nikamuuliza kinachofanywa na kile kidude.

"Dada, unauza na hujui?" Akacheka, kisha akanionyesha. "Ona hii mkono. Ndoo ikifika juu inausukuma. Ndani kuna vyuma vimegusana, stima inapita. Mkono ukisukumwa vinaachana, stima inakatika, winchi inasimama. Isiposimama, ndoo inagonga kapi, kamba inakatika, na mtu anarudi chini vile hakutaka."

"Na waya wake ukikatika?"

"Pia inasimama. Hii hata ikikatika waya, inasimama upande wa usalama."

Nilisisimka mwili mzima. Kitu cha kuenea kiganjani, kisicholala wala kusinzia, kinangoja kuguswa mara moja tu ili mtu abaki hai! Na mimi nilikuwa nimekiweka rafu moja na balbu.

Saa sita Mwakio alimaliza kuifunga, na Salim akatia mguu mmoja ndani ya ndoo. Nikaomba wapandishe kwanza ndoo tupu. Mwakio akatazama pembeni.

"Dada, usituaibishe," Salim akaninong'oneza. "Hapa fundi akimaliza, mtu anashuka hapo hapo. Ukitaka ndoo tupu ni kama unamwambia humwamini."

Ningependa kujisifu kwamba niliona hatari, lakini wapi. Nilitaka tu kuitazama ikifanya kazi. "Nimetoka Voi kuja kuiona," nikasema.

"Basi mgeni aone," Mwakio akajibu, bila kufurahi. Salim akatoa mguu.

Waliishusha ndoo kidogo, kisha wakaipandisha. Ilipanda taratibu, ikausukuma mkono, mkono ukalala. Nikatabasamu. Ndoo ikaendelea kupanda.

Mwakio alikipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima, na ndoo ikasimama shibiri moja chini ya kapi. Akafungua sanduku la umeme, akachomoa kipande cha waya kisichozidi kidole.

"Jana niliunga hapa ndio tutoe vyombo shimoni," akasema. "Nikasahau." Stima ilikuwa imepata njia ya kuizunguka swichi, na swichi mpya ikawa pambo.

Waliijaribu tena ndoo ikiwa tupu, mara tatu. Kila ilipogusa, nilisikia *ta!* na kila kitu kikatulia. Ndipo Salim akashuka. Alipopanda tena na ndoo ikasimama mahali pake, nililia mbele ya wanaume wote wale, wala sikuona haya.

Saa tisa nilianza safari ya kurudi. Nilijifunza kwamba kifaa kizuri kufungwa mahali pake hakutoshi. Sasa kila anayenunua swichi hiyo namwambia aijaribu bila mtu kwanza. Juzi fundi mmoja alinuna: "Kwani mama huniamini?"

"Sikuamini," nikamwambia. "Atakayepanda ni ndugu wa mtu."